Mfupa, Kichwa na Mawese: Safari ya Dagaa wa Maziwa Makuu

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo hayana samaki. Uhai wote umejazana kwenye tabaka la juu. Humo, kila jua linapotua, makundi makubwa ya visamaki vyeupe vyenye urefu wa kidole hupanda kuelekea usoni mwa maji kufuata vijidudu wanavyokula. Kigoma huitwa dagaa. Bujumbura na Uvira ni ndagala, na Mpulungu kule Zambia ni kapenta. Ni aina mbili za samaki wa ukoo wa sadini, wazao wa samaki wa baharini walioingia maji baridi zamani za kale na wasirudi tena.

Sifa za maziwa yetu zimekwenda kwa sangara na sato, samaki wakubwa wanaouzwa kwa kilo, na sangara kwa fedha za kigeni. Dagaa ameachiwa nafasi ya kitoweo cha mwisho wa mwezi. Historia yake haistahili daraja hilo. Kwa vizazi vingi ndiye aliyepeleka protini, kalsiamu, madini ya chuma na vitamini kwenye vyungu ambavyo vingine havikuona nyama wala maziwa, na kila mara watu wenye madaraka walipoyapanga upya maziwa haya, ni yeye aliyesahauliwa kwanza.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakitokea pwani na msafara uliopitia Tabora. Walikuta mji wa soko ambako mitumbwi ilileta watumwa na pembe za ndovu kutoka ng'ambo ya ziwa, shanga zikatumika kama fedha, na samaki wakapatikana kwa wingi, wakiwemo wale wadogo waliokaushwa juani. Henry Morton Stanley, aliyemkuta David Livingstone mjini humo mwaka 1871, naye aliwaona sokoni. Hao walikuwa wageni wenye kalamu tu, biashara iliwatangulia. Nyanda za juu za Buha zilikuwa na nafaka na ng'ombe. Uvinza, kwenye Mto Malagarasi, ilikuwa na chemchemi za chumvi, na wanaakiolojia wamekuta hapo dalili za watu kuchemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Ziwa lilikuwa na samaki. Bidhaa hizo tatu zilitafutana zenyewe.

Uvuvi ulikuwa wa usiku, kama ulivyo hata sasa. Kabla ya taa za mafuta, wavuvi waliwasha moto wa kuni na matete mbele ya mtumbwi. Mwanga uliwavuta vijidudu, dagaa wakawafuata, kisha mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu. Kazi hiyo ilihitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa ziwani kote na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi walipumzika, wakashona nyavu, wakatengeneza mitumbwi. Maisha ya mwambao mzima yalipangwa kwa mwezi: lini kutakuwa na fedha, lini deni litalipwa, lini mtu aoe.

Asubuhi samaki walianikwa. Siku moja ya jua kali ilitosha, na hapo ndipo penye siri ya dagaa kuenea. Kilo tatu hadi nne za samaki wabichi hugeuka kilo moja ya wakavu. Mzigo unakuwa mwepesi, hauhitaji barafu, hauhitaji moshi wala kuni, na unaweza kusafiri majuma mengi kichwani mwa mpagazi. Sangala au kuhe wa ziwa lile lile, kwa ukubwa wake, asingeweza kufika mbali bila kubanikwa au kutiwa chumvi nyingi.

Maji yakishatoka, kinachobaki ni chakula kizito ajabu. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, nayo ni protini kamili, yenye aina zote za asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi, mihogo na ndizi, vyakula vikuu vya nchi zinazozunguka maziwa, vinapungukiwa hasa hapo. Lakini protini ni nusu tu ya habari. Mtu anayekula mnofu wa sangara anakula msuli. Anayekula dagaa anakula mnyama mzima: mifupa, kichwa, macho, ini na magamba. Mifupa ndiyo ghala la kalsiamu, na gramu 100 za dagaa mkavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za madini hayo, wakati mtoto wa miaka miwili anahitaji takriban 500 kwa siku. Mnofu mtupu wa samaki mkubwa hauwezi hata kukaribia kiwango hicho. Katika jamii za wakulima ambazo mtoto aliyeachishwa ziwa hakupata maziwa ya ng'ombe, mifupa hiyo laini ndiyo iliyojenga mifupa yake.

Kuna zaidi. Madini ya chuma na zinki yamo pia kwenye mahindi na maharage, ila yamefungwa na kemikali iitwayo faiteti inayouzuia utumbo kuyafyonza. Samaki anapoliwa pamoja na ugali au maharage, huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo vya shambani. Kwa hiyo kiganja cha dagaa katika sufuria huongeza thamani ya kila kilicho kando yake. Vitamini B12, inayohitajika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani kwenye mimea. Kwa familia isiyokula nyama wala mayai, dagaa ndiye mlango wake. Na kwa kuwa wanaishi muda mfupi na kula vijidudu wa chini kabisa kwenye mnyororo wa chakula, visamaki hivi havijazi zebaki mwilini kama wafanyavyo samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi wakila wenzao.

Jua lina gharama yake. Vitamini A iliyomo kwenye macho na ini la samaki wadogo huharibiwa sana na mionzi, kiasi kwamba dagaa aliyeanikwa vizuri anaweza kubaki na kidogo sana. Hapa ndipo upishi wa Kigoma unapostahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Mwambao ule ni nchi ya michikichi, na dagaa wake hupikwa kwa mawese, mafuta mekundu yaliyojaa karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini hufyonzwa vizuri ikiwa ndani ya mafuta, na mawese ni mafuta yenyewe. Kile ambacho jua limekitoa ufukweni, chungu kinakirudisha jikoni. Akina mama wa Ujiji hawakungoja maabara ili kufikia hapo. Walifika kwa ulimi, kwa mazoea na kwa kuangalia watoto wao wanavyokua.

Reli ilibadilisha ukubwa wa biashara hii. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Meli iliyoletwa vipande vipande kwa reli hiyo, Graf von Goetzen, iliingia majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi Liemba ilisimama mbele ya vijiji vya mwambao wa Tanzania hadi Mpulungu, mitumbwi ikaizunguka, na magunia ya dagaa yakapandishwa pamoja na abiria, kuku na mihogo. Kutoka Kigoma magunia yaliingia kwenye behewa. Ndivyo mtu wa Dodoma, Morogoro au Kariakoo, ambaye hajawahi kuliona ziwa, alivyokuja kujua dagaa wa Kigoma na kuwatambua kwa rangi yao ya fedha. Upande wa kusini, kapenta alipanda kwenda miji ya migodi ya shaba ya Zambia, ambako maelfu ya vibarua waliishi kwa mshahara na kununua kitoweo kwa vipimo vidogo vidogo.

Miaka ya 1950 ilileta karabai. Taa ile ya mafuta ya taa yenye pampu ilitoa mwanga mweupe mkali kuliko moto wowote wa kuni, na wavuvi wakaanza kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti ili kuning'iniza wavu mpana katikati na kuunyanyua ukiwa umejaa. Kwenye maji ya Burundi, wafanyabiashara wa Kigiriki waliingiza meli za chuma zenye nyavu kubwa za kuzungushia. Lusenga haikuweza kushindana. Leo karabai nazo zinatoweka, zimeachia nafasi taa za betri na za sola, na usiku wa giza mtu akisimama juu ya vilima vya Kigoma huona ziwa limetapakaa taa hadi upeo wa macho.

Wakati huohuo wakoloni waligundua kwamba samaki huyu anaweza kuhamishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua dagaa wa Tanganyika na kuwatia Ziwa Kivu, ziwa lenye gesi nyingi chini na samaki wachache juu. Mmoja kati ya zile aina mbili alishika mizizi. Watu wa Bukavu na Goma wakamwita sambaza, Rwanda isambaza, na uvuvi wa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wakipiga kasia kwa nyimbo, ukazaliwa kwenye maji ambayo kizazi kimoja nyuma hayakuwa na uvuvi wa aina hiyo. Mwaka 1967 na 1968 aina hiyo hiyo ilipelekwa Ziwa Kariba, bwawa jipya kati ya Zambia na Zimbabwe, na kutoka hapo ikateremka na Mto Zambezi hadi Cahora Bassa nchini Msumbiji. Kati ya uhamishaji wa samaki uliofanywa barani Afrika katika karne ya 20, huu ni miongoni mwa ule uliowafikia walaji wa kawaida.

Mambo ya Ziwa Victoria yalikwenda njia nyingine.

Ziwa hilo, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, halikuwa nchi ya dagaa hapo zamani. Watu wake walikula ngege, ningu, kambale, kamongo na mamia ya aina za furu, visamaki vya rangi nyingi ambavyo Waganda huviita nkejje. Mwaka 1905 nyavu za makila zilifika Ghuba ya Kavirondo, miaka michache tu baada ya reli kugusa maji ya Kisumu mwaka 1901, na ngege wakaanza kupungua kwa kasi. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu Michael Graham kuchunguza hali hiyo, naye akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo. Ushauri huo haukudumu. Nyavu ziliendelea kuwa ndogo, na samaki wa asili wakaendelea kuisha.

Furu hawakuhesabiwa. Machoni mwa maofisa wa uvuvi, samaki mdogo mwenye mifupa mingi alikuwa takataka isiyo na soko, na hoja iliyotolewa ya kuingiza sangara ilikuwa kwamba samaki huyo mkubwa mla nyama angezigeuza takataka hizo kuwa mnofu wa kuuza. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sangara wakatiwa majini upande wa Uganda na baadaye Kenya, licha ya pingamizi la wanasayansi. Kwa karibu miaka 20 hawakuonekana kufanya kitu. Kisha, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980, walilipuka. Mamia ya aina za furu yalitoweka au kubaki kwa uchache sana, na wanabiolojia wengi wanalihesabu tukio hilo kati ya maangamizi makubwa ya viumbe yaliyowahi kushuhudiwa na wanasayansi katika ziwa moja.

Kilichopotea hakikuwa rangi na majina tu. Buganda ilikuwa na desturi ya kukausha nkejje, kuwasaga na kuwatia kwenye chakula cha watoto. Desturi hiyo inapata uzito wake ukikumbuka kilichokuwa kikiendelea hospitali ya Mulago, Kampala, katika miongo hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1930 daktari Hugh Trowell na wenzake walipokea watoto waliovimba miguu, wenye nywele nyekundu na ngozi inayobanduka, watoto walioachishwa ziwa na kulishwa ndizi na viazi pekee. Ulikuwa unyafuzi. Mulago ikawa mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya kuuchunguza, na kitabu cha Trowell, Davies na Dean cha mwaka 1954 kilisomwa kote. Tiba ya kwanza ilikuwa maziwa ya unga. Ilifanya kazi wodini, ila mama aliporudi kijijini hakuwa na maziwa hayo. Ndiyo maana mwaka 1965 kilianzishwa hapo Mulago kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama na mtoto walikaa pamoja na mama akajifunza kupika chakula cha mchanganyiko kutokana na vitu vya shambani kwake na vya ziwani, samaki wadogo wakiwemo. Kwa hiyo, wakati idara moja ya serikali ilipokuwa ikimwona samaki mdogo kuwa chakula cha sangara, idara nyingine ilikuwa ikimhitaji kwa ajili ya uhai wa watoto. Hazikusikilizana.

Baada ya furu, nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na kisamaki kingine cha ziwa hilo hilo, chenye urefu wa sentimita tano au sita, cha fedha na cha wazi kama kioo kinapotoka majini. Si ndugu wa dagaa wa Tanganyika. Ni wa ukoo mwingine kabisa. Mwanza na Musoma walimpa jina lile lile la dagaa. Wajaluo wa Kenya humwita omena, Waganda mukene. Huzaa haraka na hufikia utu uzima kabla ya mwaka kwisha, na kwa hiyo sangara hakuweza kummaliza. Vijidudu vilivyokuwa vikiliwa na furu vikawa vyake. Leo, kwa uzito, dagaa ni zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria.

Hata hivyo fedha na macho ya serikali yalikuwa upande wa sangara. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja na Entebbe, ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, na mabondo yakaenda China. Wenyeji waliachiwa kichwa na mgongo: mapanki kwa watu wa Mwanza, mgongo wazi kwa Wakenya. Filamu ya Hubert Sauper iliyotolewa mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki hayo duniani, na mwaka 2006 Tanzania ilijaa mjadala mkali kuhusu sura ya nchi iliyotolewa humo. Mjadala ule ulikuwa wa heshima, na watu wa Mwanza walikuwa na haki ya kuchukia jinsi walivyochorwa. Lakini ulipita kando ya swali la lishe. Kichwa cha sangara kina mafuta mazuri na nyama ya mashavuni, na mama aliyekinunua hakuwa mjinga. Ila mifupa ya sangara hailiki. Mtoto aliyekula mapanki alipata supu na vipande vya nyama. Kalsiamu ilitupwa pamoja na mgongo. Badala halisi ya furu aliyepotea ilikuwa dagaa, naye kufikia wakati huo alikuwa amepata mnunuzi mwingine.

Mnunuzi huyo ni kuku. Kadiri Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilivyokua, ndivyo mabanda ya kuku wa mayai na wa nyama yalivyoongezeka, na viwanda vya vyakula vya mifugo vikahitaji protini ya bei nafuu. Dagaa wa Ziwa Victoria ndio waliokuwa wengi na rahisi. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa sasa husagwa kwa ajili ya kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa. Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako wachuuzi kutoka Congo, Rwanda, Burundi na mikoa yote ya Tanzania hukutana, huuza magunia ya aina mbili, ya watu na ya mifugo, na tofauti yake mara nyingi ni mchanga.

Mchanga huo una historia yake. Dagaa wa Victoria kwa muda mrefu walimwagwa moja kwa moja ufukweni, kwa kuwa ni wengi mno na bei yake haikulipa gharama ya kujenga vichanja. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza au kuota ukungu, na mzigo ambao ungeliwa na watu unauzwa kwa kiwanda. Msimu wa masika hasara hiyo ni kubwa. Ndiyo sababu mama wa Dar es Salaam huwachagua dagaa wa Kigoma kwa bei ya juu na kuwaacha wa Mwanza kwa uchungu na chenga, ingawa wakianikwa safi lishe yao haipishani sana. Palipojengwa vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, kwenye mialo ya Tanganyika na ya Victoria pia, samaki hukauka upesi zaidi, hubaki safi na hupata bei ya chakula cha binadamu. Hakuna teknolojia hapo ya kutisha: ni miti, wavu na misumari. Inasikitisha kwamba jambo jepesi hivyo limechukua miongo mingi kuenea, na kwamba wanawake, ambao ndio waanikaji na wachuuzi wakuu wa dagaa, ndio wenye shida kubwa ya kupata mkopo wa kununulia hata miti hiyo.

Jikoni nako kuna desturi iliyogeuka. Mjini, kuchambua dagaa maana yake ni kung'oa vichwa na kutoa utumbo kabla ya kuwakaanga na nyanya na kitunguu. Ladha inakuwa laini, na uchungu unapungua. Lakini pamoja na vichwa yanatupwa macho, yaliyobeba sehemu kubwa ya vitamini A kwa samaki asiyeanikwa sana, na sehemu ya kalsiamu pia. Watu wazima wenye sahani iliyojaa vitu vingine wanaweza kumudu hasara hiyo. Mtoto anayekula vijiko vichache hawezi, na kwake ni bora dagaa waoshwe kwa maji ya moto, wakaushwe tena na kusagwa wazima kuwa unga wa kutia kwenye uji au mboga. Vijiji vya ziwani vilifanya hivyo kabla ya neno lishe kuandikwa kwenye mabango ya zahanati.

Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na nchi imepiga hatua: udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010 na ukashuka hadi 30 katika utafiti wa kitaifa wa 2022. Ramani ya takwimu hizo ina doa moja linaloumiza. Rukwa, mkoa wenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wenye Kasanga, Kipili na Kirando ambako dagaa hushushwa kila usiku wa giza, una karibu nusu ya watoto waliodumaa. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia maji machafu hadi kazi nyingi za mama shambani, na samaki peke yake hawezi kuuondoa. Bado ni vigumu kukubali kwamba magunia yapite mbele ya mlango wa mtoto huyo kwenda kuuzwa mbali, yeye akibaki na ugali na mboga za majani.

Nje ya Afrika, hoja hii imekwisha kupata watetezi wakubwa. Mwaka 2021 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Shakuntala Haraksingh Thilsted, mzaliwa wa Trinidad, kwa utafiti alioufanya Bangladesh kuhusu visamaki vya mabwawa na mito. Alionyesha kwamba samaki wadogo wanaoliwa wazima wana vitamini na madini mengi kuliko samaki wakubwa wa kufugwa, kisha akatengeneza vyakula vya unga na achari ya samaki kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Kwa mtu aliyekulia Kigoma au Bondo, matokeo hayo yanathibitisha kile ambacho bibi yake alikijua. Kwa wizara za fedha, ambazo kwa miaka mingi zilihesabu tani za minofu, yalikuwa habari mpya.

Habari hizo zimefika wakati maziwa yenyewe yamechoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya Ziwa Tanganyika, na hivyo kupunguza virutubisho vinavyopanda juu na kulisha vijidudu. Waandishi wake walikadiria uzalishaji wa chakula ziwani humo umeshuka kwa takriban asilimia 20. Wavuvi nao wameongezeka, na nyavu zao zimekuwa za matundu madogo mno. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka ili wazaliane. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu, na Tanzania ikafunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ilikuwa miezi migumu Kigoma, kwa wavuvi wasio na shamba na kwa wachuuzi wanaoishi kwa mtaji wa siku hadi siku.

Nairobi, katika icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, wanasayansi wamekuwa wakijaribu njia nyingine ya kupunguza mzigo wa ziwa: kuwalisha kuku mabuu ya nzi askari mweusi, wanaokua upesi juu ya mabaki ya sokoni na ya jikoni. Kuku huwala kwa hamu na hukua vizuri. Wafugaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wameanza kuwazalisha, wengine kwenye mabeseni uani, wengine viwandani. Biashara hiyo ikipanuka na mabuu yakawa rahisi kuliko dagaa, kiwanda cha chakula cha kuku hakitakuwa tena na sababu ya kupandisha bei ya gunia pale Mwaloni, na atakayelinunua atakuwa mama ntilie, mpishi wa shule, au mchuuzi wa Sumbawanga anayepima kwa kopo.